Mikorosho Iliyomsomesha Zakia

Habari hii alinipa Sauda binti Abilahi, mwezi wa saba mwaka huu, siku tuliyokuwa tunakung'uta ufuta uwanjani kwake. Alianza kuisema miganda ikiwa mingi, akaimaliza jua limeshatufika utosini, na mimi nilimkatiza mara mbili tu. Naiandika kama alivyoisema yeye, kwa sababu kijijini imeshaanza kusemwa vingine, na kila anayeisema kuna mtu anamwonea.

Sauda ana kaka mmoja, Huseni, na mtoto mmoja, Zakia. Sisi Wamwera, mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Mtoto akiposwa, akiumwa, akikamatwa na polisi, anaitwa mjomba kwanza, baba baadaye. Na baba yake Zakia alishakwenda zake Masasi kwa mke mwingine, kwa hiyo hata huyo wa baadaye hakuwepo. Mzigo wote ulikuwa wa Huseni. Naye Huseni alikuwa na mikorosho sitini, aliyoipanda yeye na mkewe walipokuwa vijana, imepogolewa vizuri, ukipita chini yake unatembea wima. Ukiacha hiyo, alikuwa na baiskeli.

Zakia alimaliza kidato cha sita, hakufaulu sana wala hakufeli. Mkopo wa serikali hakuupata. Nafasi ya uuguzi ilikuwepo, na ada yake Huseni angeilipa kwa korosho za kila mwaka bila kumsumbua mtu. Lakini mwaka ule alipita bwana mmoja shuleni kwao na kitabu cha picha za rangi. Ilikuwa habari ya chuo kidogo cha binafsi, mkoa wa mbali huko milimani. Wanafunzi mia mbili tu. Kila mwalimu anamjua kila mwanafunzi kwa jina. Na hawasomi fani moja, wanasoma historia, hesabu, falsafa, ushairi, mambo ya nyota, hata muziki, ili mtu akitoka pale awe mtu kamili. Ada yake ilikuwa mara nne ya uuguzi.

Zakia alikilaza kile kitabu chini ya mto wake mwezi mzima.

Siku ya kukaa kikao cha familia, Ismaili, mtoto wa Huseni, alikishika akakipindua pindua.

"Kwa hiyo huyu mke wangu anakwenda kusomea nini?" aliuliza. Ismaili na Zakia ni mabinamu, ni watani, tangu wadogo hajawahi kumwita jina. Ni mke wangu asubuhi, mke wangu jioni.

"Anakwenda kujifunza kufikiri," alisema Huseni, alivyoelezwa na yule bwana.

"Kwani sasa hivi anafanya nini?"

"Unakaa na wenzako kumi na wawili meza moja," alisema Zakia. "Mnasoma kitabu kimoja wiki tatu. Kila mtu lazima aseme. Ukinyamaza unakatwa maksi."

"Yaani tunalipa ili aseme!" Ismaili alicheka hadi akashika tumbo. "Mbona shangazi Sauda anasema kutwa nzima na hatujawahi kumlipa hata shilingi?"

Watu walicheka, Sauda naye akacheka. Anasema kicheko kile kinamrudia sasa akiwa anakung'uta ufuta.

Huseni hakucheka. Aliwaambia kuwa yeye ana mpwa mmoja tu mwenye kichwa, na kwamba wauguzi wapo, lakini mtu wa kusimama mbele ya mkuu wa wilaya akamwambia neno likamwingia, katika ukoo wao hajatokea. Alitaka mtu wa namna hiyo. Basi akaiweka mikorosho rehani kwa Nurdin, mfanyabiashara wa Rasbura kule Lindi mjini, kwa misimu mitano. Nurdin atoe fedha za chuo, avune korosho misimu mitano, kisha shamba lirudi. Mkewe alijua, Ismaili alijua, kijiji kizima kilijua. Ismaili alikubali kulima vibarua miaka mitano kwenye mashamba ya watu, kwa ahadi kwamba msimu wa sita shamba linakuwa mkononi mwake na yeye ataoa.

Zakia akaenda. Kila likizo alirudi na maneno mapya. Alisema kule chuoni wana sharti moja. Kabla hujampinga mtu, kwanza uyaseme yake, uyaseme vizuri mpaka mwenyewe akubali kwamba ndivyo. Ndipo useme ya kwako. Huseni alilipenda sana sharti lile. Alikuwa akilisimulia msikitini.

Mwaka wa tatu ikaja barua. Wanafunzi walikuwa wamepungua, mia mbili wamekuwa mia na kitu, na gharama za chuo waliobaki ndio wazigawane. Ada ilipanda karibu nusu nzima. Asiyelipa asirudi.

Hapa ndipo Huseni alipofanya jambo lake. Hakumwambia mkewe wala mwanawe. Alisema anamsindikiza Zakia kupanda basi Lindi, na kweli alimsindikiza, ila walipitia Rasbura kwa Nurdin. Walikaa barazani, wakaletewa kahawa. Nurdin alikuwa na kaka yake, Sadick, mtu mzima anayekohoa. Huseni akaomba fedha za kujazia ada iliyopanda, na akaongeza misimu minne juu ya ile mitano.

Rehani za mikorosho kwetu watu wengi hawaandiki. Kila upande unaleta shahidi mmoja wa damu yake, na mashahidi wale wawili ndio wanaoyarudia makubaliano kwa sauti, mmoja baada ya mwingine. Yakisharudiwa yamefungwa. Sadick akayarudia. Zakia naye, kwa vile hapakuwa na mwingine wa damu ya Huseni pale, akayarudia. Misimu minne. Kisha akauliza, kwa ile tabia aliyoipata huko milimani:

"Na mkorosho ukifa katikati? Nani atapanda mwingine?"

Wanaume watatu wakatazamana. Hakuna aliyewahi kuuliza hivyo. Nurdin akacheka, akasema, "Haya, ukifa mkononi mwangu napanda mimi. Mjomba wako amepata wakili."

Huseni alifurahi. Njiani kwenda stendi alimnunulia soda.

Hapo ndipo nilipomkatiza Sauda mara ya kwanza, nikamuuliza, "Na wewe mama mtu hukujua?" Akasema hakujua. Zakia aliambiwa na mjomba wake asiseme, na hakusema.

Basi, Zakia akamaliza. Akarudi na joho la kukodi kwenye picha na cheti kwenye bahasha ngumu. Akaandika maombi ya kazi. Mara moja aliitwa Dodoma, akauza simu yake apate nauli. Yule aliyemhoji alipitisha kidole kwenye orodha ya fani, juu mpaka chini, chini mpaka juu, akamuuliza, "Sasa dada, hii yako niiweke wapi?" Mara nyingine, Lindi hapa hapa, walipenda majibu yake, wakapiga simu chuoni kuhakiki cheti. Haikupokelewa. Chuo kilikuwa kimefungwa miezi minne nyuma, na walimu wamesharudi makwao.

Akaanza kujitolea sekondari ya kata. Wazazi wanachanga kidogo kidogo, mwezi mwingine hawachangi. Watoto wanampenda, sitaki kuliacha hilo. Sauda anasema watoto wa watu wanamfuata mpaka nyumbani kumuuliza maswali, na kuna mmoja wa Kiswere, mtoto wa mvuvi, anayekuja kwa miguu siku za Jumamosi. Lakini Jumamosi hizo Sauda anapika ugali kwa unga wa kukopa.

"Mke wangu," Ismaili alikuwa akimwambia akirudi kibaruani na jembe begani, "leo umefikiri kilo ngapi?"

"Mbili na nusu," Zakia anajibu. "Zimenyeshewa, zimeshuka bei."

Wanacheka. Walikuwa bado wanacheka.

Msimu wa tano ukaisha. Mwezi wa tano mwaka huu, Ismaili aliamka alfajiri, akanoa panga, akaenda shambani kwa baba yake kuanza palizi. Akakuta watu sita wa Nurdin wameshapalilia nusu, na pampu ya kupulizia dawa ya salfa iko chini ya mti.

Alirudi anakimbia. Huseni alikuwa anakula kiporo cha muhogo. Sauda anasema, na aliambiwa na wifi yake aliyekuwepo, kwamba Huseni hakushtuka. Alimeza tonge, akasema, "Nurdin ananidhulumu. Anaona mimi mnyonge. Nitampeleka kwa mwenyekiti."

Nadhani alishajiaminisha. Sadick alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Karatasi hakuna. Shahidi aliyebaki ni wa damu yake mwenyewe. Kwa hesabu ya Huseni, ile misimu minne haikuwepo tena duniani.

Siku moja kabla ya baraza alikwenda kwa Sauda. Zakia alikuwa anachambua choroko ukumbini. Huseni alikaa kwenye kigoda.

"Mama," alimwambia, maana akimpenda humwita hivyo, "kesho Nurdin atakutaja. Wewe siku ile uliniaga stendi, ukapanda basi. Rasbura hukufika."

"Mjomba, tulifika."

"Nakwambia hukufika."

Zakia akainama kwenye ungo wake. Hakujibu. Huseni alimtazama kidogo, kisha akainuka ameridhika, akachukua baiskeli yake, akaondoka anapiga mluzi.

Ndivyo tulivyo. Msichana akiletewa posa, wazee wakamuuliza mara tatu na yeye akanyamaza, amekubali. Hakuna mzee atakayengoja aseme. Huseni alimwambia mpwa wake, mpwa akanyamaza, na Huseni akajua, kama mimi ningejua, kwamba mambo yamekwisha. Alikuwa amesahau kuwa amelipa misimu tisa ya korosho mtoto afundishwe kwamba kunyamaza si jibu.

Baraza lilikuwa kwenye ghala la chama cha msingi, ambalo msimu ule huwa tupu. Mwenyekiti wa kitongoji ni mwanamke, Mama Katarina, Mmakonde aliyeolewa pale zamani, hapendi maneno marefu. Watu walijaa. Mke wa Huseni alikaa upande wa wanawake pamoja na Sauda.

"Bwana Nurdin," alisema Mama Katarina, "unadai misimu minne zaidi. Karatasi iko wapi?"

"Karatasi sina. Nina shahidi."

"Nani?"

"Mmoja yuko kaburini, Mungu amrehemu. Mwingine yule pale, amekaa na upande wa Huseni."

Watu wote wakageuka.

"Muapishe!" alipaza sauti mmoja wa nyuma. "Leteni Msahafu!"

"Sitaki aape," alisema Nurdin. "Huyu namjua. Aseme tu."

Zakia akasimama. Alikuwa na baibui lake jeusi na kalamu mkononi, sijui ya nini. Akasema, "Naomba kwanza nimsemee mjomba wangu."

Akamsemea. Alisema mjomba wake ni mtu wa shamba moja. Alisema misimu mitano ilitamkwa mbele ya mkewe na mwanawe na majirani, na imekwisha, na kwamba mapatano yasiyosikiwa na wenye kula shamba hilo ni kama hayapo. Alisema kuna kijana amebeba jembe la wengine miaka mitano akingoja miti ya baba yake, mikono yake iko pale, anayetaka aende akaitazame. Sauda anasema wanawake waliguna. Ismaili aliangalia viganja vyake.

"Mjomba, nimekusemea sawa?"

"Sawa kabisa, mwanangu!" Huseni alikuwa amesimama bila kujijua. Aliwageukia watu, uso unang'aa. "Hata mimi nisingeweza. Mmemsikia? Mmekisikia nilichokilipia?"

Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Sauda alitamani dunia isimame pale pale.

"Sasa namsemea Bwana Nurdin," alisema Zakia. Akamsemea na yeye, kwa sauti ile ile. Kwamba alitoa fedha mara mbili. Kwamba aliamini desturi, na desturi ikifanyiwa hila, kesho mkulima gani atapewa fedha bila karatasi na mwanasheria? "Nimekusemea sawa?"

"Sawa," alisema Nurdin.

"Niliyoyaona mimi ni haya. Nilikuwepo Rasbura. Mjomba aliongeza misimu minne, kwa ajili ya ada yangu ya mwaka wa tatu. Mimi ndiye niliyeyarudia maneno. Na Bwana Nurdin aliahidi kwamba mkorosho utakaokufa mkononi mwake atapanda mwingine. Nilihesabu jana. Mikorosho tisa imekufa kwa mnyauko. Hajapanda hata mmoja."

Nurdin akasema, "Mimi niliita shahidi, sikuita hakimu," lakini hakukana.

Huseni alikuwa bado amesimama. Alikuwa anatafuta pa kukaa, na pale alipokuwa amekaa mtu mwingine ameshasogea.

Mama Katarina alimaliza kwa maneno machache. Misimu minne ni ya Nurdin. Miti tisa ataipanda yeye mvua zikianza, na asipoipanda, msimu mmoja unakatwa. Mke wa Huseni aliinuka kabla hajamaliza. Miti ile alishika miche yake kwa mikono yake, na alikuwa amesikia habari ya misimu minne pamoja na watu wa mtaa wa pili. Alijifunga kanga vizuri, akatoka. Walipomfuata walikuta mlango wa nyumba umefungwa kwa ndani, godoro la Huseni liko nje pamoja na baiskeli.

Ismaili alimngoja Zakia njiani. Sauda alikuwa hatua chache nyuma, akasikia yote.

"Zakia," alisema Ismaili.

Sauda anasema mtoto wake alisimama kama aliyepigwa. Miaka ishirini na sita, mara ya kwanza binamu yake kumwita jina.

"Ungenyamaza tu," alisema Ismaili. "Hakuna aliyekwambia useme uongo. Ungenyamaza."

"Nilinyamaza jana. Mjomba akaona nimekubali."

"Kwani hukukubali?"

"Hapana."

"Basi ungesema jana. Jana alikuwa peke yake, amekaa kwenye kigoda. Angegomba, angekutukana, angelala na kuamka, tukatafuta njia. Umengoja watu mia ndipo ukapata mdomo."

Ismaili akampita, akaenda kwenye chumba chake cha uani, akajifungia. Adhuhuri ile alilala na kanzu yake ya barazani mwilini. Hajamwita tena mke wangu. Siku hizi yuko Kipatimu, analima kwa watu huko, na msichana aliyekusudia kumwoa ameshaposwa na mwingine.

Nilimkatiza Sauda mara ya pili hapo. Nikamuuliza, "Sasa wewe unaonaje, kile chuo, kilifaa au hakikufaa?" Alipiga mganda mmoja, akapiga wa pili, ufuta ukamwagika kwenye turubai. Akasema, "Walimfundisha kusema mbele ya watu kumi na wawili. Hawakumfundisha kusema mbele ya mjomba wake." Akapiga wa tatu. Kisha akasema, "Lakini ningekuwa mimi nina kesi, ningemtaka yeye." Akakasirika kwa kuwa amesema hivyo, akaniambia nisogeze turubai, upepo unapeperusha.

Alasiri ya siku ile ya baraza Huseni alikuja kwa dada yake na jamvi kwapani. Hakuwa na pengine pa kwenda. Alilitandika ukumbini, hapo hapo kwenye kile kigoda cha jana. Sauda alimletea ugali na kisamvu. Hakugusa. Zakia alikuwa amejikunja kwenye mkeka upande wa pili, macho makavu.

"Hicho chuo," alisema Huseni, bila kumtazama, "walikufundisha namna ya kukaa na watu ukishamaliza kuwasema?"

"Hapana, mjomba."

"Basi hela yangu haikutosha."

Akajilaza, akaupa uso ukuta.

Zakia alitaka kusema kitu. Sauda alimwona akikitafuta, midomo inacheza, kama anayemsemea mtu kwanza kabla ya kujisemea mwenyewe. Hakukipata. Baada ya kitambo usingizi ukamchukua pale pale, mkono bado umeshika pindo la baibui.

Huseni alikuwa hajalala. Sauda aliyajua mabega yake tangu wadogo, aliyaona yanavyokaza. Akauchukua ule ungo wa choroko ambao binti yake hakuumaliza jana, akauweka mapajani, akaendelea kuchambua, mbovu huku, nzima huku. Nzi walitua kwenye ugali, akaufunika. Hatimaye mabega ya kaka yake yakalegea, akaanza kukoroma kidogo kidogo, kama baba yao alivyokuwa akikoroma.

Sauda akaegemea ukuta ili apumzishe mgongo. Alisema alikusudia kuumaliza ule ungo kabla ya magharibi. Ulikuwa umebaki konzi mbili alipolala.